Lango la Sauti: Jinsi Simu za Ofisi Zinavyounganishwa na Mtandao wa Kompyuta

Vikundi kadhaa vya kujisaidia vimekua mpaka sasa vina ofisi mbili au tatu. Vilianza na mkutano chini ya mti na daftari moja la mweka hazina. Leo kuna ofisi kuu mjini, kuna duka la pembejeo sokoni, pengine kuna kliniki ndogo au kituo cha kupokea maziwa. Humo ndani mna simu za mezani na swichibodi, kile kisanduku cha ukutani kinachogawa simu: hii iende kwa karani, hii kwa meneja, hii stoo. Mara nyingi swichibodi hiyo ilinunuliwa zamani, au mlipewa na ofisi nyingine ilipokuwa inahama, na mpaka leo inafanya kazi vizuri.

Sasa anakuja muuzaji wa mitambo. Anawaambia simu hizo zimepitwa na wakati, zing'olewe zote, mnunue nyingine za kuzungumza kupitia intaneti. Anataja bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Kamati inakaa kimya, maanake hakuna anayetaka kuonekana mshamba, na mwishowe mwenyekiti anatia sahihi.

Kabla ya kutia sahihi, hebu tuangalie chombo kimoja ambacho wauzaji wengine hawapendi kukitaja kwanza. Mafundi wanakiita getiwei, yaani lango. Ni kisanduku kidogo, pengine ukubwa wa redio ya betri, kinachokaa kati ya swichibodi yenu ya zamani na mtandao wa kompyuta na kuviwezesha kuelewana. Kikiwapo, simu za mezani zinabaki pale pale zilipo, nambari za ndani zinabaki zile zile, na karani hahitaji kufundishwa upya. Lakini sauti inasafiri kwa njia ya intaneti.

Msiseme hayo ni mambo ya fundi. Pesa ni za wanachama, na anayeelewa chombo ndiye anayeweza kuuliza bei yake.

Simu ya waya inajuaje kwamba umeiinua?

Tuanze na ile tunayoijua. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na simu ya waya haijabadilika sana tangu hapo. Ukiongea, sauti yako inatikisa kitu chembamba ndani ya mkono wa simu, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa mawimbi ya stima yanayopita kwenye waya. Upande wa pili mawimbi hayo yanatikisa kitu kingine chembamba, na sauti inatoka.

Stima inayoendesha simu ya namna hii haitoki ukutani kwenu. Inatoka kwenye kituo cha simu, kiasi cha volti 48, kwa waya ule ule wa maongezi. Ukiinua mkono wa simu, mzunguko unakamilika, stima inaanza kutembea, na kituo kinajua kwamba kuna mtu anataka kupiga. Hapo kinakuletea ule mlio mrefu unaoonyesha laini iko tayari. Mtu akikupigia wewe, kituo kinatuma stima ya namna nyingine, yenye nguvu zaidi, inayokwenda na kurudi, na kengele inalia. (Fundi akishika waya mtupu wakati huo anarushwa mkono. Muulizeni mzee yeyote aliyefanya kazi na Posta ya zamani, kabla haijagawanywa mwaka 1999.)

Swichibodi ya ofisi ni kituo kidogo cha simu. Kwa simu za ndani, yenyewe ndiyo inayolisha: inatoa stima, inatoa mlio, inapiga kengele. Kwa laini inayotoka nje, yenyewe ndiyo inayolishwa. Shikeni neno hilo la kulisha na kulishwa, tutalirudia, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Jambo la pili la kushika ni hili. Mnapozungumza kwa simu ya waya, njia yote ni yenu tangu mwanzo hadi mwisho, hata mkinyamaza. Ni kama kukodi matatu nzima peke yako.

Mtandao wa kompyuta haufanyi hivyo. Kila kitu kinachopita humo, iwe barua, picha au hesabu za benki, hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya inakotoka na inakokwenda, kisha inapelekwa barabarani pamoja na pakiti za watu wengine wote. Ni kama mizigo juu ya basi: gunia lako, sanduku langu na kuku wa mama yule, vyote vinapanda pamoja na kila kimoja kinashukia kwake. Njia inatumika na wengi, kwa hiyo ni rahisi. Lakini mzigo unaweza kuchelewa, na mwingine unaweza kuanguka njiani. Kwa barua si shida, kompyuta inaomba pakiti iliyopotea itumwe tena. Kwa maongezi haifai. Neno likifika wakati mwenzako amekwisha kujibu, litamsaidia nini?

Mkalimani katikati

Basi swichibodi inaongea lugha ya mawimbi, na mtandao unaongea lugha ya pakiti. Lango ni mkalimani wao. Na kama mkalimani yeyote mzuri, hatafsiri maneno tu. Anatafsiri pia adabu: kupiga hodi, kukaribishwa, kuaga.

Maneno yenyewe hutafsiriwa hivi. Sauti inapoingia, lango linapima urefu wa wimbi mara 8,000 kila sekunde. Fikirini karani wa maziwa anayetumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya debe na kuandika alama, ila huyu anafanya hivyo mara 8,000 kwa sekunde moja. Kila kipimo kinaandikwa kwa nambari ya biti 8, yaani moja kati ya ngazi 256. Mkizidisha mtaona ni biti 64,000 kwa kila sekunde ya maongezi. Mtindo huu unaitwa G.711, umekuwapo tangu mwaka 1972, na karibu kila lango linaujua.

Nambari hizo hukusanywa vifungu vifungu. Kila kifungu ni cha sauti ya sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja, kwa hiyo kwa sekunde moja hutoka pakiti 50. Kila pakiti inabeba baiti 160 za sauti, na juu yake kunabandikwa baiti 40 za anwani, saa na nambari ya mfuatano ili upande wa pili ujue ipi ilitangulia. Upande wa pili lango lingine linafungua pakiti, linapanga nambari, linarudisha wimbi, na simu ya mezani inatoa sauti kama kawaida. Mwenye kuisikiliza hata hajui imekatwakatwa.

Sasa adabu. Karani wa ofisi kuu akibonyeza nambari ya ofisi ya pili, swichibodi inaipitisha kwenye lango. Lango linaangalia orodha liliyopewa na fundi: nambari zinazoanza na 7, kwa mfano, ziende ofisi ya sokoni kwa mtandao, zinazoanza na 9 zitoke nje kwa laini ya kawaida. Kisha linatuma ujumbe mfupi upande wa pili, ambao ni kama kusema hodi. Upande wa pili unajibu kwamba simu inalia. Mtu akiinua, unajibu sawa, na pakiti za sauti zinaanza kumiminika pande zote mbili. Mmoja akikata, inatumwa kwaheri. Taratibu za namna hii zimeandikwa ili malango ya viwanda mbalimbali yaelewane. Ya kwanza kuenea iliitwa H.323, ya mwaka 1996. Inayotumika zaidi siku hizi ni SIP, iliyotolewa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2002. Ukiona lango la zamani sana linauzwa bei ya kutupa, uliza kama linajua SIP.

Kuaga ndiko kunakosumbua zaidi ya yote. Kwenye waya wa kawaida, aliyekupigia akikata, kituo huenda kisitume alama yoyote ya wazi, unasikia tu ule mlio wa tu-tu-tu. Binadamu anausikia na kuweka simu chini. Lango lisilofundishwa mlio huo halijui chochote, linaendelea kushikilia laini kana kwamba watu bado wanaongea. Wateja wanapiga, simu iko bize mchana kutwa, na ofisini hakuna anayezungumza. Fundi asipolifundisha lango milio ya kituo chenu, mtakuwa mnazima na kuwasha kila siku.

FXS na FXO

Mkigeuza lango mtaona matundu ya kuchomeka nyaya za simu, na juu yake herufi FXS au FXO. Tofauti ni herufi moja tu. Lakini ukinunua lisilofaa, linakaa kabatini.

Tundu la FXS linalisha. Linatoa stima, mlio na kengele, kama kituo cha simu. Tundu la FXO linalishwa. Linajifanya kama simu ya mezani: linangoja kengele, linainua, linabonyeza. Sheria ni moja: anayelisha huunganishwa na anayelishwa. Wawili wanaolisha wakikutanishwa, hakuna mazungumzo, na tena mnaweza kuunguza kifaa. Wawili wanaongoja kulishwa wakikutanishwa, watangojana mpaka kesho.

Kwa hiyo mtu akiwauliza mnataka lango la namna gani, jibu linategemea mnalichomeka wapi kwenye swichibodi. Mkilichomeka pale ambapo laini ya kutoka nje huingia, swichibodi inangoja kulishwa, basi lango liwe la FXS. Mkilichomeka mahali pa simu ya ndani, kama vile lingekuwa simu ya karani mmoja zaidi, swichibodi inalisha, basi lango liwe la FXO. Mkitaka kuunganisha lango moja kwa moja na laini ya kampuni ya simu, ni FXO vilevile. Na mkitaka kuchomeka simu ya mezani tupu kwenye lango bila swichibodi, hapo ni FXS.

Kila tundu linabeba maongezi mamoja kwa wakati. Lango la matundu manne, watu wanne. Ofisi kubwa, kama hospitali au Sacco yenye matawi, hazitumii matundu haya madogo. Zinatumia waya mmoja wa kidijitali unaoitwa E1, wenye nafasi 32, na 30 kati ya hizo ni za maongezi. Swichibodi ya namna hiyo huhitaji lango lake maalum, la bei ya juu zaidi. Sitakaa hapo, vikundi vyetu vingi havijafika huko.

Njia iwe pana kiasi gani?

Watu hununua lango zuri kisha wanalaumu lango kwa makosa ya intaneti. Tufanye hesabu. Pakiti ya baiti 200, mara 50 kwa sekunde, ni kilobiti 80 kwa sekunde, na hiyo ni kwenda tu. Kurudi ni kiasi hicho tena. Watu watano wakiongea pamoja ni kilobiti 400 kila upande. Kwa intaneti ya faiba hiyo si kitu. Kwa modemu ya laini ya simu ya mkononi, mahali ambapo mnara uko mbali, ni habari nyingine. Na angalieni kasi ya kupeleka, si ya kupokea peke yake. Matangazo husema ile ya kupokea kwa sababu ndiyo kubwa, lakini sauti yako inatoka kwa ile ya kupeleka.

Kama mnalipia intaneti kwa bando, saa moja ya maongezi ya G.711 inakula kiasi cha megabaiti 72, kwenda na kurudi. Kuna mtindo mwingine unaokamua sauti, unaoitwa G.729, ambao hutumia kilobiti 8 tu badala ya 64. Mkiongeza anwani, inakuwa kilobiti 24 na megabaiti 22 hivi kwa saa. Ona ajabu yake: sauti ndani ya pakiti ni baiti 20, na anwani iliyobandikwa juu bado ni baiti 40. Bahasha imekuwa nzito kuliko barua! Sauti ya G.729 si nzuri kama ile nyingine, lakini inasikika, na mahali ambapo intaneti ni hafifu ni afadhali hiyo. Ila haipatani na faksi, na haipatani vizuri na zile simu za kuambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili. Milio ya vibonyezo hukamuliwa mpaka haitambuliki. Fundi aweke lango litume vibonyezo kwa ujumbe wa pembeni, na kama bado mnatumia faksi aiwekee utaratibu wake unaoitwa T.38.

Jambo lingine: kijana wa ofisini akianza kupakua filamu wakati mweka hazina anaongea na benki, pakiti zote zinapanga foleni moja. Ruta nzuri inaweza kuambiwa ipishe pakiti za sauti kwanza, kama barabara inavyopisha gari la wagonjwa. Kazi hiyo inafanyika kwenye ruta, si kwenye lango. Fundi wengine huisahau kwa sababu hakuna anayewauliza.

Mwangwi na kuchelewa

Hata njia ikiwa pana, safari inachukua muda. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za sekunde iliyogawanywa mara elfu, kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili. Ikizidi sana, watu wanaanza kuingiliana. Kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wanaanza pamoja, wanaacha pamoja.

Hapa kwetu jambo hili lina historia. Kampuni ya VocalTec ya Israel ilitoa programu ya kuongea kwa intaneti mwaka 1995, lakini ilikuwa kompyuta kwa kompyuta, huwezi kupigia simu ya kawaida. Pengo hilo ndilo malango yalikuja kuziba. Kenya tulichelewa kwa sababu mbili. Moja ni ya sheria: simu za nje ya nchi zilikuwa za Telkom Kenya peke yake mpaka mwaka 2004. Ya pili ni ya umbali. Intaneti yetu ya kwenda nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu ya ardhi, na kupanda na kushuka tu kulikula karibu robo ya sekunde, kwenda. Mwenye kuongea na Ulaya siku hizo ilibidi aongee kama kwenye redio ya polisi, kwa zamu. Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na shida hiyo ikapungua sana. Setilaiti za siku hizi zinazopita chini, kilomita mia kadhaa tu juu, hazina ucheleweshaji huo.

Kuchelewa kunafufua mwangwi. Pale lango linapokutana na waya wa zamani, sehemu ya sauti hugonga na kurudi kwa mwenyewe. Mwangwi huo ulikuwapo siku zote kwenye simu za waya, lakini ulirudi upesi mno hata sikio halikuutofautisha na sauti yenyewe. Ukipitia mtandao unarudi umechelewa, na mtu anajisikia mwenyewe kama anaongea ndani ya tangi tupu la maji. Lango zuri lina kitu cha kuuzima. Mkisikia mwangwi, msikimbilie kubadilisha simu. Mwambieni fundi aangalie kizima mwangwi na nguvu ya sauti kwenye matundu, mara nyingi imefunguliwa kupita kiasi.

Vilevile pakiti hazifiki kwa mpigo mmoja. Nyingine zinakuja zimekaribiana, nyingine zinaachana. Lango linazingoja kidogo na kuzipanga mstari kabla ya kuzifungua, kama mwalimu na watoto wa nasari. Inayochelewa zaidi ya hapo inatupwa. Zikipotea chache, sikio halioni. Zikizidi, maneno yanakatika, na kwenye simu kuhusu pesa au dozi ya dawa, "kumi na tano" inaweza kusikika "tano".

Stima ikipotea

Tulisema simu ya waya hulishwa na kituo cha simu, na kituo kina betri kubwa. Ndiyo sababu zamani taa zilizimika mji mzima na simu ikaendelea kulia. Lango halina neema hiyo. Stima ikipotea, lango linakufa, ruta inakufa, na kile kisanduku cha intaneti ukutani kinakufa pia. Kwa duka la pembejeo ni hasara ya mchana mmoja. Kwa kliniki yenye mama anayejifungua usiku ni jambo jingine kabisa, na hapo sitaki kikundi chochote kitegemee lango peke yake. Kuwe na simu ya mkononi yenye chaji na salio, inayojulikana inakaa wapi na nani anaishika.

Mnaweza kuweka betri ya akiba. Tuseme lango, ruta na kisanduku cha intaneti vinakula wati 30, na swichibodi wati 40. Jumla ni 70. Betri ya gari kubwa au ya sola, ya volti 12 na ampea-saa 100, inashika wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi msiitumie zaidi ya nusu, itaharibika upesi. Toeni pia kinachopotea kwenye inveta. Mnabaki na saa saba hivi. Vikundi vyenye sola tayari vina bahati, maana kazi hii ni ndogo kwa sola. Malango mengine yana tundu moja ambalo, stima ikipotea, linaunganisha simu moja ya mezani na laini ya nje moja kwa moja. Mkiwa bado mna laini ya waya inayofanya kazi, ulizeni lango lenye tundu hilo.

Nasema "mkiwa bado mna" kwa sababu nyaya za shaba zimeibiwa na kuuzwa kama vyuma chakavu sehemu nyingi za nchi. Na si kwetu tu nyaya hizo zinaondoka. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu Januari 2027, baada ya kuahirisha tarehe ya kwanza iliyokuwa Desemba 2025.

Wezi wasiovunja mlango

Sehemu hii isomwe na kamati nzima.

Lango likiunganishwa na intaneti bila ulinzi, haipiti muda mrefu linagongwa. Si mtu anayegonga. Ni programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku, zikijaribu kila anwani, na zikipata lango zinajaribu maneno ya siri: 1234, au nambari 101 yenye neno la siri 101. Likifunguka, wezi wanapiga simu kupitia kwenu kwenda nambari za ng'ambo ambazo mwenyewe hulipwa kwa kila dakika. Wanapenda usiku wa Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi, na siku kuu, ofisi ikiwa imefungwa. Bili inakuja kwa jina la kikundi, na kampuni ya simu itasema simu zilitoka kwenye mtambo wenu. Kwa upande wao ni kweli.

Kinga si ghali. Kila simu iwe na neno la siri refu lisilofanana na nambari yake, na lile la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Lango liambiwe likubali mazungumzo kutoka anwani ya ofisi yenu ya pili na ya kampuni yenu ya simu tu, wengine wote lisiwajibu. Simu za ng'ambo zifungwe kabisa kama hamna kazi nazo. Na kama kampuni inaruhusu, lipeni kwanza badala ya kulipa baadaye: mwizi akiingia, atakula salio lililopo, hawezi kula ng'ombe wa wanachama.

Kuna mwingine atakayekuja na maneno matamu. Atawaomba aweke kisanduku chake chenye kadi nyingi za simu ofisini kwenu, awalipe kodi kila mwezi. Kisanduku hicho hupokea simu za kutoka nje ya nchi na kuzitoa kama za hapa ili kukwepa ada. Kufanya hivyo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la jinai. Mwenye kisanduku hatakuwapo polisi wakija. Mtakuwapo ninyi.

Je, mnalihitaji?

Kikundi chenye meza moja na simu mbili za mkononi hakihitaji lango, na anayewauzia anawafyonza. Faida inaonekana mkiwa na ofisi mbili zenye intaneti inayolipiwa tayari, na watu wanaopigiana kila siku. Tuseme mnapigiana mara kumi kwa siku, dakika sita kila mara, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni dakika 1,560. Kama dakika ni shilingi 3, ni shilingi 4,680 kwa mwezi. Malango mawili pamoja na kazi ya fundi yakigharimu, tuseme, shilingi 60,000, yatajilipa kwa miezi kumi na mitatu. Mkipigiana mara mbili tu kwa siku, yatachukua zaidi ya miaka mitano, na pengine yatakuwa yameharibika kabla. Wekeni nambari zenu wenyewe. Daftari la simu la miezi mitatu litawaambia zaidi kuliko muuzaji.

Mkiamua kununua, msilipe sehemu ya mwisho mpaka mmejaribu haya fundi akiwapo. Watu watatu wapige pamoja huku mwingine anapakua kitu kikubwa kwenye intaneti. Mtu wa nje apige, akate yeye kwanza, kisha muone kama laini imeachiliwa. Zimeni stima kwenye meni, mhesabu dakika. Mtu ajaribu kupiga ng'ambo, ashindwe. Halafu fundi aandike kwenye karatasi anwani ya lango, orodha ya nambari na maneno yote ya siri, katibu aifunge ndani ya bahasha na kuiweka kwenye kabati la kikundi. Vikundi vingi vimebaki na mtambo mzima usioguswa kwa sababu neno la siri lilikuwa kwa kijana mmoja, na kijana huyo amepata kazi Mombasa.